Mashati ya ofisini yananichanganya, lipi la kuchomekea na lipi la kuachia nje?

mgeni_wa_posta
Wakuu habari za jioni. Nimepata kazi ofisi moja pale Posta, wamesema shati la kola na suruali ya kitambaa, Ijumaa suruali ya kadeti ruksa. Sasa leo nimezunguka Kariakoo mpaka miguu inawaka, kila duka naambiwa "hili slimu fiti, la kubana mwili, bosi wangu linakukaa", mara kola ina vifungo mara haina, mengine chini duara mengine yamenyooka, mi nimezoea fulana na fomu siksi (zile fulana za kola) tu. Nianze na yapi? Na kuchomekea kila siku siwezi. Natokea Kimara kwa mwendokasi, hadi nashuka nishaloa.

cherehani_tandika
Kabla ya kola angalia chini. Pindo la duara, refu mbele na nyuma halafu fupi ubavuni, hilo limekatwa lichomekewe, zile ndimi ndo zinalizuia lisitoke ukinyanyua mkono kushika bomba kwenye basi. Ukiliachia nje unaonekana umetoka kuamka. La kuachia ni lile pindo limenyooka, mara nyingi lina vipasuo pembeni, na liishie usawa wa zipu, likifika mapajani hiyo sasa kanzu.

Kola yenye vifungo kwenye ncha ndo batani dauni. Walianza wacheza polo wa Uingereza, walifunga kola isiwapige usoni farasi akikimbia, Brooks Brothers wa Marekani wakaiona wakaanza kuiuza 1896. Kwa hiyo asili yake michezo, na kwa mtu asiyefunga tai ndo yenyewe, inakaa mahali pake hata ukiloa jasho. Siku ya suti na tai vaa kola ya kawaida, ile ambayo kwa chini ina vijimfuko vya vijiti vya plastiki. Vitoe kabla ya kupiga pasi, vinaacha alama.

Bibi_Pasi
Mnaongea kola wakati kaka kasema analoa 😂 soma lebo kwanza. Poliesta tupu haikunjiki na inakauka chap, ila kwa joto la Februari saa nne tu asubuhi wenzio wanahama meza. Chukua pamba, na iwe poplini maana ni nyepesi, oksifodi inapendeza ila nyuzi zake nene, baki nayo mwezi wa saba. Lineni inapitisha hewa kuliko zote ila ukikaa kwenye kiti tu imekunjamana. Rangi nyeupe au bluu nzito, bluu mpauko na kijivu zinatangaza jasho.

mzee_wa_karume
Dukani unatupa hela mdogo wangu, njoo soko la Karume alfajiri bero za mitumba zikifunguliwa. Ila bega ulipime hapohapo, mshono uishie kwenye mfupa, ubavu fundi anaubana fasta lakini bega ni kufumua mkono mzima. Geuza na mgongo, chini ya kile kipande cha mabegani kukiwa na mkunjo utanyoosha mikono vizuri, slimu fiti nyingi hazina. Na vifungo viwe upande wako wa kulia, vikiwa kushoto umebeba la dada 😅

Mstaafu_Ilala
Kijana shona kaunda suti mambo yaishe. Mikono mifupi, haichomekewi, tai haihitajiki, alivaa Rais wa Zambia mpaka ikabeba jina lake, wewe nani ukatae.

Bibi_Pasi
@Mstaafu_Ilala shikamoo mzee, lakini mtoto wa watu wiki ya kwanza ataambiwa asaini yeye barua za wakurugenzi 😂😂

mgeni_wa_posta
Nimecheka sana aisee. Basi meupe mawili batani dauni na moja bluu nzito la pindo lililonyooka kwa ajili ya Ijumaa. Fundi nikishona kwako kitambaa kiasi gani? Na mfuko wa kifuani niweke?

cherehani_tandika
Mikono mirefu mwili wa kawaida mita mbili za kitambaa kipana. Kama ni pamba kiloweke kwanza ukianike ndo ulete, kisije kikarudi baada ya kushonwa. Mfuko mmoja tu kushoto, miwili yenye vifuniko waachie watu wa porini. Na usitie simu humo, shati lote linavutwa upande mmoja.