Chama chetu cha walimu kinakwenda Kwale Agosti: tutakaaje na wenyeji bila kuwa mzigo?

Mwalimu_Nakuru:

Hamjambo wana pwani. Sisi ni walimu wa shule za msingi, wanawake 12, na chama chetu huweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya safari ya Agosti. Diani tumekwenda mara nyingi. Hoteli safi, bahari nzuri, lakini watu wa pwani tuliozungumza nao ni waliotuletea sahani na waliotuuzia shanga ufuoni, basi. Mwaka huu tunataka siku tatu nne kijijini, tuone mikoko, tukae na watu, na pesa zetu zifike kwao. Kijiji cha Gazi tumekisikia. Twende vipi, na tupange na nani? Je, tubebe nguo na madaftari ya kuwagawia watoto? Mwenzetu mmoja naye anataka kila mtu apande mkoko wake, awe na kumbukumbu.

binti_wa_Gazi:

Karibuni sana, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Gazi, na mama yangu yumo katika kikundi cha kina mama wanaotunza njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko. Hao ndio wa kupanga nao, mapema, si siku mnayofika.

Treni itawashusha Miritini. Ingieni mjini Mombasa, vukeni feri ya Likoni, anayevuka kwa miguu halipi. Ng'ambo pandeni matatu ya Msambweni au Lunga Lunga, na makanga aambiwe kabisa kwamba mnashuka njia panda ya Gazi, mkishapita Ukunda. Kutoka lami hadi kijijini bodaboda zipo.

Kabla ya kuchagua tarehe, angalieni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa alasiri ya saa kumi. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Asubuhi hizo anayetafuta pweza yuko mwambani, na mwenye madema, mitego ya samaki, anayatazama madema yake. Ukija saa hiyo ukamtaka mtu akae akusimulie maisha yake, unamkatizia riziki. Njooni mtembee mikokoni maji yakiwa yamekupwa, muione mizizi na kaa. Mazungumzo yaacheni ya jioni, samaki wakishaparwa. Hapo mtakaa barazani mpaka mchoke wenyewe.

Chakula agizeni siku moja kabla, ili samaki anunuliwe kwa mvuvi wa hapa hapa, asitolewe kwenye friji ya Ukunda. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Tena msingoje kuandaliwa kama wageni wa harusi. Ombeni mbuzi mkune nazi na wenyeji wenu. Mama yangu hazungumzi na mtu aliyeketi kitini na simu mkononi, ila mtu akishika kifuu atamweleza hata mambo ambayo sisi wanawe hatujayasikia.

Sasa hilo la kupanda, mniwie radhi, nitalisema wazi. Mikoko si mti mmoja. Mlilana husimama mbele kabisa, unapokea mawimbi. Nyuma yake huja mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, kisha mkandaa, na mchu unavumilia hata pale penye chumvi kali karibu na nchi kavu. Kila mti na mahali pake. Nimeshaona kundi likija na fulana za kampuni yao, wakachomeka miche ya mkoko kwenye tope wazi, mbele ya mlilana, kwa sababu picha hapo inatoka vizuri. Kabla ya magharibi walikuwa wameshaondoka. Upepo wa kusi ulipovuma haikubaki hata miche ya kuhesabu. Wale kina mama walishinda kutwa matopeni kwa ajili yao, na mbegu zilikuwa za kuokotwa moja moja.

Mkitaka kusaidia kweli, ombeni kazi ya kitaluni. Kujaza udongo kwenye vifuko, kubeba maji, kuchambua mbegu. Mbegu ya mkoko iliyokomaa utaijua shingoni: imegeuka manjano, na ukiigusa inaachia yenyewe. Iliyotobolewa na wadudu hutupwa. Ni kazi ya kuinama, haina picha nzuri, lakini mikono ikiwa kazini watu huzungumza. Kama wataalamu wetu watasema kuna mahali pa kupanda wiki hiyo, mtapanda. Wakisema hapana, iwe hapana.

Kuhusu madaftari. Tangu 2013 Gazi na Makongeni tuna mradi wa Mikoko Pamoja. Hekta 117 za mikoko zinalindwa, na kaboni inayohifadhiwa humo, yaani hewa chafu ambayo mikoko huivuta, hulipiwa na wanunuzi wa ng'ambo. Pesa zikiingia, wanakijiji hukaa wakaamua zifanye nini. Mabomba ya maji yametoka huko, na vitabu vya shule pia. Watu wanaojiamulia hivyo wasigeuziwe watoto wao kuwa wa kukimbilia wageni barabarani. Mkiwa na cha kuwapa, mwulizeni mwalimu mkuu kinachopungua. Tena Agosti shule zimefungwa, walimu wenzenu wako nyumbani. Waombeni jioni moja mkae nao, mna mengi ya kuulizana kuliko mimi na nyinyi.

Na mkikuta mzee barazani, mwamkieni, mumwulize habari za Mbaruk bin Rashid, yule mtawala wa ukoo wa Mazrui aliyekuwa na makao hapa Gazi akapigana na Waingereza 1895, mpaka akakimbilia upande wa Wajerumani. Msiwe na haraka ya kuondoka.

kijana_Ukunda:

Dada amesema kweli, ila hoteli zisionekane hazina faida kwa mwenyeji. Mimi nimesomeshwa na mshahara wa baba yangu, mpishi wa hoteli Diani. Corona ilipofunga hoteli 2020, mtaani kwetu kuanzia muuza mboga hadi fundi cherehani wote walikwama. Mkilala Diani usiku mmoja si dhambi. Ulizeni tu wafanyakazi wametoka wapi na samaki wamenunuliwa kwa nani, na bakshishi mpeni mtu mkononi mwake.

binti_wa_Gazi:

Nakubaliana nawe, kaka. Hata kwetu wapo vijana wanaofanya kazi huko. Mimi nataka tu wageni wasiishie getini.

nahodha_Shimoni:

Mkipata siku ya ziada, shukeni hadi Shimoni, mvuke kisiwa cha Wasini. Kule pia kina mama wana njia yao ya mbao, juu ya matumbawe ya kale. Agosti ni kusi, bahari huchafuka mchana, tokeni asubuhi mapema. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, na Kisite, bahari ya karibu na Wasini, ni hifadhi, kwa hiyo bebeni chupa za kujaza tena. Nahodha akiahidi kuwakimbiza pomboo, tafuteni mwingine. Sisi tunaowajali hupunguza mwendo tukakaa mbali, wakipenda watakuja. Na matumbawe hayakanyagwi, hata kama maji ni ya magotini.

Mwalimu_Nakuru:

Asanteni sana nyote. La kupanda nimelifikisha kwenye chama, tumekubaliana ni kitalu. Wengi wetu ni Wakristo na hatujawahi kulala kijiji cha Waislamu. Tuvae vipi, na picha je?

binti_wa_Gazi:

Gauni refu linatosha, mwalimu. Kila mtu awe na leso ya kujitanda mkipita msikitini au mkiingia nyumba ya watu. Nguo za kuogelea zibaki ufuoni. Ijumaa mchana msipange kitu mpaka watu watoke kuswali. Picha ombeni kwanza, na mama akikataa asibembelezwe. Za watoto, mzazi ndiye aruhusu. Mkiahidi kumtumia mtu picha yake, itumeni kweli, maana watu huulizia miezi.

Kulala, kuna wanaopokea wageni nyumbani, ila watu 12 hawatoshi nyumba moja, mtagawanyika wawili watatu. Niandikie tarehe mbili mnazopendelea na majina ya wasiokula pweza. Nitawafikishia kina mama kesho jioni wakikutana.