Eti Kiingereza changu kina MTORI?? Huyu wakala wa viza wa hapa Moshi leo tutaheshimiana

TichaRau

Wakuu naandika niko kwenye haisi ya Rau nimebanwa na gunia la dagaa, mikono inatetemeka, ila siwezi kusubiri nifike nyumbani maana nikifika nitakuwa nimepoa na mimi leo sitaki kupoa.

Mnamjua. Jina sitaji, mnamjua. Yule wa ghorofani kule Double Road, wa moka nyeupe bila soksi, mwenye bango la ndege ambayo ukiikazia macho ina mabawa matatu. Viza Uhakika. Uhakika wa nani sijui.

Sasa leo, mbele ya ofisi nzima, mbele ya yule binti wake wa mapokezi anayekula karanga toka asubuhi, mbele ya baba wa watu aliyekuja kufuatilia mambo ya mwanae wa Oman, mbele ya mwanafunzi wangu wa zamani JAMANI MWANAFUNZI WANGU, huyu mtu kaniambia "dada, Kiingereza chako kina mtori."

Mtori!!! Supu yetu ya ndizi, yaani eti naongea Kiingereza kwa lafudhi ya Uchagani! Mimi!!! Nimeanza kufundisha English medium yeye bado anasajili laini za simu chini ya mwavuli pale stendi. Nusu ya watoto wa mji huu wanajua past tense kwa jasho langu, nimewatoa kwenye "I am go" mpaka wanaandika insha za kuombea vyuo vya Marekani, leo nina mtori.

Kisa chenyewe sasa. Alitangaza nafasi za kufundisha Kiingereza China, mshahara mnono, nyumba bure, nauli juu yao. Nikalipa hela ya kufungua faili, nikalipa ya kutafsiri vyeti, nikalipa ya kufuatilia, na hiyo ya kufuatilia kila nikienda inazaliwa upya. Leo ananipigia eti mambo yameiva njoo usaini. Nafika nachungulia fomu naona imejazwa viza M. Nikamuuliza kwa upole kabisa, kaka, M si ya biashara? Ya kazi si Z? Na Z si mpaka mwajiri wa kule aanze yeye kuniombea kibali cha kazi, wanitumie ile barua ya taarifa ya kibali ndo niende nayo ubalozini Dar? Akasema "dada hayo ni makaratasi tu, ingia na M, utabadilishia huko huko." Nikauliza mkataba, akanipa karatasi ya Kichina tupu, haina hata tarakimu ya mshahara, anataka nisaini hapo chini penye mhuri wa nyota. Nikamwambia nisichokisoma sisaini. Nikaongezea, mbona hujawahi kuniomba hati ya tabia njema ya polisi, mbona digrii yangu haijaenda hata Mambo ya Nje kugongwa muhuri?

Hapo ndo akapandisha. Akasukuma kiti, akawageukia watu, akaanza kuniigiza sauti, "ze contract, ze contract", halafu ndo akalitoa. Kiingereza chako kina mtori, Wachina watasikia ndizi.

WATASIKIA NDIZI. Yule baba wa Oman kacheka mpaka kashika ukuta. Binti wa mapokezi kapaliwa na karanga. Na mwanafunzi wangu, niliyemfundisha mwenyewe kutoa ulimi nje atamke "the", akainama kufunga kamba za viatu. Kavaa ndala!

Na mtu anayenisema mlangoni kwake kabandika WELL COME. Mbili. Well, halafu come.

Nimedai hela yangu kasema hairudi kwa sababu faili limeshafunguliwa. Si ulifunge! Faili ni chupa ya soda kwamba likishafunguliwa basi? Sasa hivi napiga simu inaita tu. Mtori jamani???

Mangi_wa_Pasua

Pole sana Ticha. Ila kabla hatujaandamana, andika sentensi moja ya Kiingereza hapa tuone kama hakina.

ChaliiYaSakina

Nimekuja mbio nikijua kuna mtu kapigwa kumbe mtori. Nyie wa Moshi mna raha sana.

mama_Brayo

HUYO WA MOKA NAMJUA!! Alimla mdogo wangu hela ya Korea. Sasa Korea inajulikana, viza yao ya walimu wa Kiingereza ile E-2 wanachukua raia wa nchi saba tu, Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Sisi hatumo. Mdogo wangu akamuuliza, kaka mbona Tanzania haipo kwenye orodha? Akajibiwa usijali, Afrika Kusini na Tanzania wote ni SADC. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika! Mtu kaenda ubalozini anajieleza kwa SADC!

TichaRau

@mama_Brayo umeona eeh. Na huyo wa SADC ndo kasimama mbele za watu kaniambia mimi nina mtori.

Mzee wa Mbuyuni

Binti yangu usilie. Lakini naomba kuuliza. Mtori ni chakula cha heshima, mzazi anapewa, mgonjwa anapewa, mimi mwenyewe nilipotoka hospitali ndio ulionisimamisha. Sasa umekuwaje tusi? Hapa aliyetukanwa ni wewe au ni mtori?

Mangi_wa_Pasua

Mzee kauliza swali la msingi, lijibiwe.

Nilirudi_Guangzhou

Ngoja niseme kidogo maana haya yamenikuta. Mimi nilikwenda kwa X, ile ya mwanafunzi, jioni nikawa nafundisha vitoto ABC kwenye kituo cha mtu. Hela ilikuwa nzuri usipime. Siku moja wakaingia polisi darasani, watoto wanaimba, mimi nimevaa masikio ya sungura. Sheria yao ukikutwa unafanya kazi bila kibali ni faini yuan 5,000 mpaka 20,000, na wakiona limezidi wanakuweka ndani siku 5 mpaka 15. Yule bosi aliyenibembeleza siku hiyo alikuwa hanijui kabisa, ananiuliza jina. Kwa hiyo Ticha hiyo M hata usiitamani. Hata Z yenyewe ukitua una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, si kwamba ukishuka kwenye ndege umemaliza. Na huko wenye paspoti za nchi zile zile saba ndo wanapewa kipaumbele, na toka 2021 serikali yao ilipozibana tuisheni vituo kibao vimefungwa. Sasa hizo nafasi zake sijui anazichota wapi. Kwa kifupi kakuokoa.

TichaRau

Asante kaka kwa maelezo ila kuniokoa na nini? Angeniokoa kimya kimya! Kulikuwa na haja gani ya kuweka ndizi? Mbele ya mwanafunzi wangu?

ChaliiYaSakina

Masikio ya sungura 😂😂 arif picha ziko wapi

ndala_nyeusi

Shikamoo madam. Mimi sikucheka, nilikohoa.

TichaRau

Marahaba. Nilikuona mabega.

Mangi_wa_Pasua

UZI UMENOGA. Ngoja nikachukue chai.

msomi_wa_Kiboriloni

Watu wanakimbilia Japani, nako sikilizeni. Kufundisha lugha mashuleni kwao kwa viza ya mwalimu wanataka uwe umesoma kwa lugha hiyo miaka 12. Haya piga hesabu ya mtoto wa shule ya serikali. Msingi miaka 7 ni Kiswahili, inahesabiwa sifuri. Sekondari mpaka form six 6, chuo 3. Jumla 9. Umeshafeli na fomu hujachukua, hata uwe unaota kwa Kiingereza. Aliyepita English medium toka la kwanza huyo anazo 13 kabla hata hajagusa chuo. Thailand nako wanatoa ile viza ya kazi, Non-B, ila kama hutoki nchi za Kiingereza unapeleka kwanza cheti cha mtihani wa Kiingereza, TOEIC au IELTS.

Mangi_wa_Pasua

IELTS ina kipengele cha mtori?

msomi_wa_Kiboriloni

Cha kuongea kipo. Hapo ndo Ticha awe makini.

TichaRau

Nitawablock wote.

mama_Brayo

Usinitajie English medium mwenzio nina kidonda. Shule ya Brayo kila muhula wanataka rimu mbili, ufagio wa nje, ufagio wa ndani, na tishu boksi zima. Mtoto ni mmoja! Anafagia uwanja wa ndege? Na mwenye shule mnamjua, yule wa miwani ya dhahabu, ukichelewesha ada siku moja anamsimamisha mtoto getini.

baba_mapacha

Miwani ya dhahabu! Kwangu ni fagio NNE kila muhula.

ChaliiYaSakina

Mnalia ufagio wakati jambo lenyewe liko hapa kwetu. Wazungu wanashuka KIA na viza ya utalii dola 50, Mmarekani 100, kesho yake asubuhi yuko mbele ya ubao anafundisha Kiingereza. Kitoto kimemaliza sekondari juzi! Mwalimu wa Kitanzania kaambiwa alete digrii, polisi, mihuri, uzoefu, huyu analeta kofia ya jua. Na sheria tunayo, ya 2015 ya ajira za wageni, kufanya kazi unataka kibali, hata wa kujitolea kuna kibali cha ukaazi daraja C. Alikuja mmoja kwetu Sakina watoto wakatoka na wimbo mmoja na mafua. Kuna aliyemwambia ana mtori?

kipara_Ngaramtoni

Acha chuki, wanaleta penseli.

ChaliiYaSakina

Penseli sio kibali.

Mzee wa Mbuyuni

Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini na mwenyeji akienda basi na yeye apokelewe hivyo hivyo. Wao wanataka mpaka alama za vidole.

VizaFasta_255 (kajiunga leo)

Mimi huyo kaka simjui ila ni mtu wa Mungu amesaidia vijana wengi sana, acheni wivu. Huyo dada alikuja na jazba na Kiingereza chake kweli kilikuwa kizito. Mwenye shida afike ofisini, well come.

Mangi_wa_Pasua

WELL COME 😂😂😂😂 Kaja mwenyewe!

mama_Brayo

Kaka wa SADC habari za leo? Hela ya mdogo wangu lini?

Nilirudi_Guangzhou

Mkuu kwa kuwa umefika, wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni ya serikali. Tupia hapa picha ya leseni tufunge mjadala.

VizaFasta_255

Nimesema simjui. Leseni iko kwenye fremu.

baba_mapacha

Simjui ila fremu naijua 😂

TichaRau

WEWE! Ulisema mtori! Rudia hapa mbele ya watu! Pokea simu!

dogo_wa_Njiro

Ticha, ulipewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi?

TichaRau

Alinipa kikaratasi kimeandikwa "Paid OK". Ila muamala wa simu ninao, jina lilikuja la mwanamke.

dogo_wa_Njiro

Basi usipoteze muda humu, nenda polisi na huo muamala na hiyo karatasi ya Kichina. Mwambie na mwanafunzi aje awe shahidi.

ndala_nyeusi

Madam mimi kesho nina safari ya Same.

kipara_Ngaramtoni

Jamani toka asubuhi mnataja mtori nimesikia njaa. Wapi Moshi wanatengeneza wa kueleweka? Nilikunywa pale karibu na mnara wa saa ulikuwa maji ya moto yenye rangi.

Mzee wa Mbuyuni

Hakutumia mshare, zile ndizi zenyewe za mtori. Mtori bila mshare ni uji wa ndizi. Na nyama iwe na mfupa.

ChaliiYaSakina

Mzee hata matoke ya Bukoba yanatoa mtori freshi tu.

Mzee wa Mbuyuni

Kijana, toka humu.

mama_Brayo

Mshare zenyewe sasa hivi mmeona bei? Jumamosi mkungu mmoja kanitajia bei nikadhani ananiuzia na shamba. Tena yule mama wa Mbuyuni, wa kanga ya njano, anakaa pale kwenye kona ya kuingilia. Anakuwekea nzuri juu, chini anafukia vilivyolala.

TichaRau

Jamani tunaongelea viza yangu.

baba_mapacha

Wa kanga ya njano!! Alinichanganyia parachichi mbichi na za kuoza, nimerudisha akaniuliza "kwani baba ulinunua au ulipewa?" Mbele ya mama mkwe wangu!

Mangi_wa_Pasua

Eeeh mbele ya mama mkwe? Huyo mama na mimi kanipunja ndimu. Fungua uzi wake tuje.