Sifuri ya jana usiku: yule bwana wa jedwali atuombe radhi

Mzee wa Kinondoni: Ndugu wanajamvi, sitamtaja jina kwa sababu nyote mnamjua, na hata paka wa jirani yangu humtambua kwa sauti. Jana usiku, nikiwa na tonge mkononi, yule bwana wa televisheni alichora jedwali la ugaidi Afrika Mashariki. Kenya akaiandikia Westgate ya 2013, watu 67, na Garissa ya 2015, watu 148. Uganda akaiandikia Kampala ya 2010, watu 74. Alipofika Tanzania akaandika sifuri. Sifuri! Akaizungushia duara mara mbili, kisha akatabasamu kama bwana harusi aliyepunguziwa mahari. Wale 11 waliokufa hapa Dar es Salaam kwenye ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi ileile iliyoua zaidi ya 200 Nairobi, walikufa kwa mafua? Na askari 8 walioviziwa Kibiti, Aprili 2017? Najua, wauaji wale waliitwa wahalifu, na kwa hesabu za yule bwana, muuaji akibadilishwa jina marehemu hufufuka. Duara mara mbili, jamani!

Binti Temeke: Shikamoo mzee. Jedwali lilianza 2010, kwa hiyo 1998 haimo. Nadhani kilichokuudhi ni ugali kupoa.

Mzee wa Kinondoni: Marahaba. Mwaka 2021 haumo pia? Mwezi Agosti mtu mwenye bunduki aliua askari 3 na mlinzi 1 karibu na ubalozi wa Ufaransa, hapahapa mjini, na polisi wenyewe wakatangaza kuwa alikuwa gaidi. Yeye anachora duara!

Mkenya wa Kariakoo: Afadhali nyinyi mnaopewa sifuri. Kwetu tairi likipasuka tu, vituo vya ng'ambo huweka utepe mwekundu na kuita wataalamu watatu, lakini hakuna hata mmoja anayekumbuka kueleza kwamba jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011 na kwamba mashambulizi mengi yaliyofuata yalihusishwa na hatua hiyo.

Mmakonde wa Mtwara: Nyinyi angalau mna kamera. Oktoba 2020 wavamizi kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya. Ni nani aliyetuchorea hata nusu duara? Wenzetu wa ng'ambo ya mto wamo katika vita hiyo tangu Oktoba 2017, na jedwali la jana halikuwa na safu ya Msumbiji kabisa.

Mwongoza Watalii: Mimi ugomvi wangu ni na wachora ramani. Bomu likilipuka Mogadishu, mgeni wangu wa Serengeti anaahirisha safari.

Mkenya wa Kariakoo: Mogadishu walikufa zaidi ya watu 500 kwa siku moja, tarehe 14 Oktoba 2017, nawe unahesabu vitanda vya hoteli?

Mwongoza Watalii: Nahesabu, kwa kuwa ndivyo vinavyolipa ada za wanangu. Wiki iliyopita mgeni mmoja aliniuliza ni mwendo wa saa ngapi kwa gari kutoka Arusha hadi Mogadishu. Nilipomweleza, alinijibu kwamba kwenye televisheni ya kwao zote mbili zimepakwa rangi moja.

Mmakonde wa Mtwara: Rangi gani? Kwetu hawakupaka hata hiyo.