Tupeane uzoefu: vifaa vya umeme vinavyovuma na kulia

Wanajukwaa, naanza mimi wa Ujiji. Kwa miezi kadhaa spika zangu zilitoa mvumo mzito hata pasipo muziki, nami nikaamini kwamba amplifaya imeharibika, mpaka siku nilipochomoa waya wa sauti uliotoka kwenye kompyuta ya mezani na mvumo ukanyamaza papo hapo. Kumbe vifaa hivyo viwili vilichomekwa kwenye soketi za vyumba tofauti, kila kimoja kikiwa na njia yake ya ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), na tofauti ndogo ya volti baina ya njia hizo ilikuwa ikipita ndani ya waya wa sauti. Nilivichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, na tatizo likaisha bila gharama. Vyenu vililia vipi, na mligundua nini?

Mdau wa Isevya, Tabora: Kwangu ilikuwa feni. Ikitumia umeme wa gridi huzunguka kimya, lakini ikihamia kwenye inveta yangu ya sola (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi), ambayo niliinunua kwa bei ya chini, huvuma kama mzinga, na sisi watu wa Tabora nyuki tunawajua. Fundi alinieleza kwamba inveta ya aina hiyo haitoi wimbi linalopanda na kushuka taratibu, bali hubadilisha volti kwa hatua za ghafla zinazotikisa koili za mota. Mota ilikuwa pia ikipata joto kupita kiasi, hivyo nimeacha kabisa kuiwasha kwa inveta hiyo.

Mdau wa Mwanga, Kigoma: Redio yangu haikuwa na kosa lolote; simu ndiyo ilikuwa juu yake. Simu ikiwa kwenye 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha zamani, hutuma mawimbi kwa mapigo 217 hivi kila sekunde, na nyaya za redio huyadaka, yakasikika kama mlio kwenye spika. Niliisogeza tu.

Fundi, Tabora mjini: Wengi huniletea chaja zinazolia kwa sauti nyembamba usiku, simu ikiwa imejaa. Chaja hukata na kuunganisha umeme mara maelfu kwa sekunde, kasi ambayo sikio halisikii, ila simu ikijaa na kuvuta umeme kidogo, baadhi yake hufanya kazi kwa vipindi vifupi, na kasi ya mtikisiko wa transfoma yake ndogo hushuka hadi kiwango ambacho sikio husikia. Hiyo pekee si hitilafu. Mlio wa kukwaruza wenye harufu ya kuungua ni jambo jingine: chomoa mara moja, wala usifungue haraka, kwani mimi mwenyewe nimewahi kurushwa na kapasita, kipande kinachohifadhi chaji ya umeme, ya runinga iliyokwisha kuchomolewa.