Fiksi bila breki: napunguzaje mwendo nikishuka Magomeni kwenda Jangwani?

Pedeli_Sinza: Wakuu, salaam. Nina fiksi (baiskeli ambayo pedeli huzunguka muda wote gurudumu la nyuma likizunguka), gia ya mbele meno 48, nyuma 16, tairi 700x25, pedeli bapa bila mikanda ya miguu, breki hakuna. Tambarare naimudu, ila mteremko wa Magomeni kwenda Jangwani, hapa Dar, pedeli zinaishinda miguu. Nakanyagaje? Na ile ya kufunga miguu tairi la nyuma likaburuzika, naanzia wapi?

Meno_19: Anzia breki ya mbele, miguu baadaye. Ukipunguza mwendo uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, hata ukilifunga linateleza tu. Kuburuza ni mbwembwe. Bajaji ikikukatia ghafla haitakuokoa.

Hiyo 48 kwa 16 nayo ni nzito. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu kamili, kama mita 6.3. Kwa kuwa ni tatu kamili, ukiburuza na mguu uleule tairi linasagika sehemu ileile moja mpaka nyuzi za ndani ya mpira zitoke. Weka 19 nyuma: inashuka hadi mita 5.3 hivi, na sehemu za kusagika zinakuwa 19. Ekseli itasogea mbele karibu sentimita 1, kwa hiyo angalia nafasi ipo. Ikikosekana, ongeza pingili za cheni.

Spana_15: Naongezea. Sproketi (gia ya meno) ya nyuma lazima ikazwe na ringi yenye nyuzi za skrubu za kinyume, inayokaza kushoto. Habu (kitovu cha gurudumu) ya friwili ya kawaida, ile inayoruhusu pedeli kusimama, haina hatua ya pili ya nyuzi za ringi hiyo. Ukikandamiza kurudi nyuma, sproketi inafunguka na miguu inabaki inaelea. Gundi haitoshi, usidanganywe.

Cheni ikae ikicheza sentimita 1 hadi 1.5 katikati. Ikilegea zaidi inaruka na kunasa gurudumu.

Pedeli_Sinza: Shukrani wakuu. Habu ina hatua mbili, nimeikagua. Foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ndiyo haina tundu la breki, fundi anasema atatoboa.

Spana_15: Asitoboe! Foku za baiskeli za mbio za uwanjani, kama hiyo isiyo na tundu, bomba lake halikuandaliwa kutobolewa, linaweza kupasuka pale penye tundu. Tafuta foku yenye tundu tayari, urefu uleule, na rimu yenye kingo bapa za breki.

Taratibu_Tu: Sasa miguu. Funga mikanda kwanza, kwa pedeli bapa mguu utarushwa. Chagua barabara ya ndani iliyo tambarare, mwendo wa mtu anayekimbia pole. Pedeli inapopanda upande wa nyuma, ikandamize chini kidogo kidogo, nguvu kubwa iwe pale krenki (mkono wa pedeli) inapolala sawa na ardhi. Mguu wa mbele nao uvute juu kwenye mkanda. Usiigandishe miguu, itakurusha kitini.

Kwenye mteremko anza kukandamiza juu kabisa, kabla baiskeli haijachukua kasi. Ikishakuzidi, breki ya mbele kwa kubana taratibu. Jangwani chini pale mvua ikipita huacha mchanga na tope barabarani, kwa hiyo mwendo uishe kabla hujafika.

Kuburuza ukitaka, sogeza kiuno mbele mpaka usukani ili nyuma iwe nyepesi, krenki zikilala sawa, kaza miguu yote miwili isizunguke. Lami kavu, gurudumu likiwa limenyooka.

Meno_19: Na tairi la nyuma uligeuze kuangalia nyuzi kila wiki. Zikionekana nyeupe, badilisha siku hiyohiyo.