Msitu unaisha kwa makala: sisi wa Lubumbashi tufuate njia ya nchi gani?

Mwalimu wa jiografia, Kampemba

Ndugu zangu, simameni asubuhi moja kwenye barabara ya Likasi muhesabu baiskeli za makala, yaani makaa ya kupikia. Jumamosi nilimsaidia kijana mmoja kupandisha yake mlimani: magunia matatu yamefungwa kwa mpira, na breki ni kiatu chake. Yuko njiani tangu juzi. Nikamuuliza mbona mbali hivyo, akasema karibu na kwao vimebaki visiki vya miti ya mubanga na mutondo.

Mimi nasema tufanye kama Costa Rica. Miaka ya 1980 msitu wao ulikuwa umebaki kama robo ya nchi. Leo umezidi nusu. Sheria ya 1996 ilikataza kugeuza msitu kuwa shamba, na kuanzia 1997 mwenye msitu akawa analipwa kwa kuutunza, pesa nyingi zikitoka kwenye kodi ya mafuta ya gari. Anayelinda chemchemi analipwa kama fundi anavyolipwa kwa kazi yake. Sisi malori ya madini yanapita hapa usiku na mchana kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mafuta yanayochoma yangeweza kumlipa yule kijana aiache miti isimame. Nani anapinga?

Mama muuza makala, Katuba

Mwalimu, mimi napinga, kwa heshima. Ukimlipa huyo kijana asikate, bukari nitapikia nini? Huko Costa Rica umeme umefika karibu kila nyumba, na sehemu kubwa unatoka kwenye maji. Mtu akiacha kuni anawasha jiko. Kwetu umeme ukirudi saa nane ya usiku tunaamka kupiga pasi, maana asubuhi hautakuwepo. Chakula cha watoto hakiwezi kungoja hivyo, ndiyo maana kila nyumba ina mbabula, jiko la makala. Makala yakipungua, bei itapanda, na atakayeumia ni mama anayenunua mfuko mdogo kila jioni.

Mwanafunzi wa sheria, Kamalondo

Mama ana haki. Lakini wote wawili mmeisahau pesa iliyo miguuni petu. Norway ilitunga sheria ya mfuko wake wa mafuta 1990, ikaweka pesa ya kwanza 1996, na tangu 2001 serikali yao ina kanuni ya kutumia kiasi cha faida inayotarajiwa tu, mtaji ubaki. Mtu yeyote anaweza kuona thamani ya mfuko huo kwenye intaneti dakika hii.

Na sisi sheria tunayo! Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa redevansi, malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 serikali ya mahali (sekta, usultani au mji) ambako mgodi uko, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, kwa kuwa ni madini ya kimkakati, inalipa redevansi ya asilimia 10. Mwalimu, kabla ya kodi mpya, tuulize ile 15 imejenga nini.

Mwalimu

Mama, umenishika pale pa kweli. Nilianza na mti, sikuanza na chungu. Basi nabadili: hiyo asilimia 15 ianze na umeme wa maporomoko madogo na mbabula zinazokula makala kidogo, halafu alipwe mwenye msitu. Ila tusichelewe. Mubanga haukui haraka kama mahindi. Tukikata leo, wajukuu ndio watakaouona tena.

Kwako mwanafunzi: mfano wako ni mzuri, lakini Norway ilipopata mafuta 1969 ilikuwa na bunge lililozoea kuidai serikali hesabu. Hapa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilianza 1906, na bunge letu likaja 1960. Waliochimba walitutangulia miaka zaidi ya hamsini. Ndiyo maana naogopa mfuko mkubwa ulio mbali, na napenda pesa inayofika mkononi mwa mtu kijijini, mbele ya majirani wanaojua ni kiasi gani.

Mama muuza makala

Hapo tunasikilizana. Mbabula ya udongo ninayo mwenyewe, gunia linakaa karibu mara mbili ya zamani. Lakini Mwalimu, yule kijana umempangia malipo, mwenye msitu pia. Mimi nimesomesha watoto wanne kwa meza hii ya makala, na kwenye mpango wenu sijajiona bado. Niandikeni na mimi, ndipo nitawaita wenzangu wa sokoni waje kuwasikiliza.