Mtandao umekatika nikiwa wa 6, nimekatwa pointi za usalama kuliko aliyegonga mtu. Hii ni haki?

Kona_ya_Mwisho

Wakuu, salaam. Naandika bado nina hasira, kwa hiyo mkikuta neno kali mnivumilie.

Jana usiku, gemu ya mbio za magari mtandaoni, magari ya aina ya GT3, uwanja wa Spa wa Ubelgiji, magari 24, mizunguko 14. Nimeanza wa 11. Sijagusa mtu. Narudia, sijagusa mtu, hata nje ya mstari nimetoka mara 1 tu kwenye kona ya Les Combes. Mzunguko wa 11 niko wa 6. Wa 5 yuko mbele yangu nusu sekunde na tairi zake za nyuma zimekwisha, kila akitoka kona ya La Source gari linatikisa mkia. Nikasema huyu simharakishi, namngoja juu kwenye kipande kilichonyooka cha Kemmel. Tumeshuka, tumepanda kilima cha Raidillon, nimejificha nyuma yake kwenye upepo, najiandaa kutoka kushoto.

Mara gari lake likaganda. Yaani limesimama katikati ya barabara kama picha ukutani. Yote yameganda, langu peke yake ndilo linatembea. Nimepita ndani ya gari la wa 5 kama jini anavyopita ukutani, nikafika hadi breki za Les Combes peke yangu, dunia nzima imenyamaza. Kisha yakaja yale maandishi: umepoteza muunganisho na seva. Nikabaki nimeshika usukani.

Asubuhi nimefungua matokeo. Nafasi ya 22. Pointi za ushindani, zile zinazofuata nafasi unayomaliza, zimeshuka 61. Hiyo nimeimeza, ingawa imepita na miba. Kilichonichefua ni pointi za usalama, zile za kuendesha bila kuhatarisha wenzako. Nimekatwa kwa "kuacha mbio", na makato yangu ni mara 2 ya jamaa aliyemtoa mwenzake kwenye kona ya Bus Stop mzunguko wa 1. Yule aligonga mtu, akamaliza mbio zake, akakatwa kiduchu. Mimi ambaye sijagusa mtu leseni yangu sasa inaning'inia. Nikikatika mara nyingine moja nashuka daraja, narudi kule ambako kona ya kwanza ni ajali ya magari 10.

Nimewaandikia wenye gemu. Jibu lilikuja haraka tu: mfumo hauwezi kujua nani mtandao umemkatikia na nani kakimbia. Sawa. Sasa kama haujui, kwa nini unaamua kwamba wote tumekimbia? Na tusidanganyane kwamba haujui kitu. Seva inajua sekunde yangu ya mwisho: nafasi ya 6, gia ya juu kabisa, pedali ya mafuta imegusa sakafu, gari zima halina mkwaruzo. Nani anakimbia akiwa hivyo?

Nawasilisha.

Breki_Kali

Pole sana mkuu. Ila nitakugawia kesi yako vipande viwili, maana umeichanganya.

Pointi za ushindani hapo huna chako. Mifumo mingi ya gemu hizi imejengwa juu ya hesabu ya Elo, ile ya chesi, ambayo FIDE, shirikisho la chesi la dunia, walianza kuitumia mwaka 1970. Mbio zinachukuliwa kama mechi nyingi za watu wawili wawili. Kwenye magari 24 wewe una mechi 23. Ukimaliza wa 6 umeshinda 18. Ukiandikwa wa 22 umeshinda 2. Mechi 16 zimegeuka, na pointi ulizopoteza hazijatupwa, wamegawana wenzako walioendelea kuendesha. Ukisema wewe ufutiwe, lazima mtu mwingine anyang'anywe.

Chesi yenyewe mtandaoni iko vilevile. Umeme ukikatika saa yako inaendelea kuhesabu, dakika zikiisha umefungwa. Hakuna anayeuliza ulikuwa na malkia wangapi.

Na hili halichagui mtu. Januari 2023 kwenye saa 24 za Le Mans Virtual, mbio za gemu mtandaoni, Max Verstappen alikuwa anaongoza, akakatika, akarudi akiwa nje ya kumi bora. Akaegesha gari akaondoka, na maneno aliyosema baadaye kuhusu waandaaji yalizunguka dunia. Mbio zenyewe zilikuwa zimeshasimamishwa mara 2 kwa matatizo ya seva. Bingwa wa dunia wa F1, na nafasi yake hakurudishiwa.

Kwenye pointi za usalama, hapo nakuunga mkono. Zile zinapima kama wewe ni hatari kwa wenzako barabarani. Gari ambalo halipo halimgongi mtu.

Dada_Gia

Kaka, umeuliza nani anakimbia akiwa wa 6. Mimi hapa.

Nikiri tu, siku hizi nimeacha. Kwenye gemu niliyokuwa nacheza zamani, aliyekatika mbio zake zilikuwa hazihesabiwi kabisa, si pointi za ushindani wala za usalama. Kwa hiyo waya wa mtandao nilikuwa nimeupitisha juu ya meza, karibu na goti la kushoto, na ile kishikizo ya plastiki nilishaivunja ili usinisumbue kutoka. Mtu akifikiri nilikuwa nachomoa baada ya kugonga, hapana, huo ni uchomoaji wa wageni. Mimi nilikuwa nachomoa mapema. Nikiwa wa 4 au wa 6, tairi zimekufa, kwenye kioo naona magari 3 yanakuja, nahesabu: zimebaki dakika 8, hawa wote watanipita, nitamaliza wa 9. Napapasa na goti. Tiki. Seva ikinitazama inaona binti msafi, nafasi nzuri, mafuta hadi chini, gari halina mkwaruzo. Yaani kama wewe ulivyojieleza hapo juu, neno kwa neno.

Kilichoniachisha si dhamira, nisijipake mafuta. Pointi zilipanda zikanipeleka kwenye kundi la watu wanaonizidi sekunde 2 kila mzunguko. Nikawa wa mwisho kila siku. Huko hata ukichomoa huna unachookoa.

Kwa hiyo wakikwambia hawawezi kututofautisha, wanasema kweli. Ninachoona kingefaa ni kuangalia mazoea. Mtu aliyekatika mara 1 kwenye mbio 40 aachwe, asikatwe kitu upande wa usalama. Anayekatika mara 1 kila mbio 5 akatwe bila kuulizwa, awe mwongo au awe na mtandao mbovu, shauri yake.

Tairi_Laini

Waya au waifai?

Kona_ya_Mwisho

@Breki_Kali hesabu ya mechi 16 imenikata maini lakini nimeielewa. Hizo 61 nimeziaga.

@Dada_Gia dada, umeniharibia ushahidi wangu wote kwa goti. Ila hilo la mazoea nalichukua. Nimehesabu: mbio 52 msimu huu, nimekatika mara 3. Kwa kipimo chako napona?

@Tairi_Laini waifai. Najua mnataka kusema nini. Ruta iko sebuleni, chumba changu ni cha mwisho, ukuta 2. Na kasi ninayolipia ni kubwa kuliko gemu inavyohitaji mara kumi.

Fundi_Pingi

Mkuu, kasi haina kazi hapo. Gemu ya mbio inatuma vifurushi vidogo vidogo vya data mara nyingi kwa sekunde, unachotaka ni vifike kwa wakati, kila kimoja. Mtu anaweza kuwa na bomba kubwa kama mto na bado maji yakaja kwa kukohoa.

Fanya hivi kabla hujabishana na yeyote. Fungua madirisha 2 ya amri kwenye kompyuta. La kwanza andika ping, anwani ya ruta yako (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), kisha -t. La pili ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni seva ya Google huko nje. Ping inapima milisekunde ngapi ujumbe unaenda na kurudi. Yaache yaendeshe saa nzima, saa zilezile unazocheza. Kama dirisha la kwanza linapanda na kukatika, tatizo liko ndani ya nyumba yako. Kama la kwanza limetulia na la pili linayumba, angalia laini inayotoka, au angalia nani mwingine ndani ya nyumba anaitumia.

Halafu naomba nikupinge wewe na Breki_Kali kwenye lile la usalama. Mmesema gari lisilokuwepo halimgongi mtu. Kweli. Lakini mtandao mara nyingi unaanza kuyumba kabla ya kukata. Vifurushi vyako vikichelewa, kompyuta ya mwenzako haina habari zako, inakisia: alikuwa anaelekea huku kwa kasi hii, basi atakuwa hapa. Kwa kilomita 250 kwa saa, vikichelewa milisekunde 200 tu gari lako limeshasogea mita 14. Hayo ni magari 3 yamepangwa. Kisha habari zako zinafika na gari lako linaruka kutoka pale lilipokisiwa hadi lilipo. Wewe kwenye skrini yako umenyooka kama rula. Kwenye skrini ya aliye nyuma yako unarukaruka kama panzi.

Kama marudio ya mbio yapo kwenye seva, pakua uyatazame. Usitazame kwa gari lako. Kaa ndani ya gari la wa 7.

Breki_Kali

Hapo fundi umenishika. Narudisha nusu ya kauli yangu.

Kona_ya_Mwisho

Wakuu nimerudi. Zimepita siku 4, nilikuwa nafanya mitihani ya fundi.

Madirisha mawili, usiku wa kwanza. Ruta: milisekunde 2, 3, 2, 2, 40 mara mojamoja, si mbaya kama nilivyoogopa. Lile la pili: 38, 39, 38, mpaka saa 3 na dakika 10 usiku. Hapo likaenda 290, 640, 900, "muda umekwisha", "muda umekwisha". Kama dakika 6. Kisha likatulia kama hakuna kilichotokea. Usiku wa pili, saa 3 na dakika 10, hivyohivyo. Nikatoka chumbani nikiwa nimevaa visikizi shingoni, naangalia nani anafanya nini. Mdogo wangu amelala usingizi fofofo, simu yake iko kwenye chaja. Ile simu ikichomekwa usiku inaanza kupandisha picha na video zote za siku hiyo. Inajaza njia ya kupandishia yote, vifurushi vyangu vinabaki foleni nyuma ya video za paka.

Kwa hiyo nimezidiwa na paka. Nimeisogeza ile simu ipandishe saa 8 usiku, na nimevuta waya hadi chumbani, umepita juu ya fremu za milango 2. Usiku wa tatu na wa nne: 38, 38, 39, mpaka nikachoka kutazama.

Sasa yale marudio. Nimekaa ndani ya gari la wa 7 kama nilivyoambiwa. Mzunguko wa 10 wote, gari langu linacheza. Si sana, linatetemeka kama taa yenye waya mbovu. Nikiingia Pouhon liko upande wa nje, ghafla liko ndani, ghafla nje tena. Kwenye skrini yangu ile kona niliipita safi kuliko mizunguko yote, niliikumbuka hata nikiwa kitandani. Yule wa 7 alikuwa na nusu sekunde nyuma yangu. Ameinua mguu, akaona haitoshi, akalivuta gari nje akaingia kwenye changarawe. Akarudi wa 12. Mimi wakati huo nilitazama kioo, nikaona hayupo, nikafurahi. Niliwaza kakosea mwenyewe.

Kwenye karatasi ya matokeo yeye ndiye aliyekatwa kwa kutoka nje ya njia. Mimi kwa lile sikukatwa kitu.

Bado nasema kuniandikia "kuacha mbio" na kunikata mara 2 ya yule wa Bus Stop ni mizani mbovu, maana kosa walilonihukumu si lile nililofanya. Wakinikata kwa kupeleka gari linalorukaruka katikati ya watu, nitakaa kimya. Na wangeweza. Ping yangu wanayo, wangenitoa mimi mzunguko wa 10 kabla ya Pouhon, nikaondoka na makato madogo, na yule akabaki na nafasi yake.

@Dada_Gia mara 3 kwenye 52, hukunijibu.

Dada_Gia

Unapona kwa kukwaruza. Ile ya wa 7 je, umemtafuta?

Kona_ya_Mwisho

Jina lake lipo kwenye matokeo, nimemwandikia jana, nikamtumia na dakika ile ya marudio. Amesoma. Hajajibu.